Tundu Jekundu

Kengele ililia tena, na ililia vizuri, na Inspekta Beverly Nasipwondi alichukia kuisikia.

Alikuwa amesimama ndani ya chumba cha barafu, mlango umeachwa wazi kiasi cha kupitisha mkono, baina ya rafu za kamba na pweza walioganda wakawa wagumu kama matofali. Kitufe cha dharura kilikuwa ukutani kando ya mlango. Mtu akikibonyeza, king'ora hulia ng'ambo ya ua, ofisini, kwenye kompyuta ya mwenye mali, na skrini hugeuka nyekundu. Ndivyo kilivyotengenezwa, na ndivyo kilivyofanya asubuhi hiyo kila alipokigusa.

"Imelia, afande!" Koplo Mutunga alipaza sauti kutoka dirisha la ofisi. "Imelia na imeandika!"

"Tujaribu tena."

Ikalia tena. Beverly akatoka uani akisugua viganja. Juani, mgongo umeegemea ukuta, alikuwa amekaa Menza, mlinzi wa nyumba hiyo, aliyeletwa kutoka kituoni kuonyesha alivyokomea milango, mikono imo pinguni, askari mmoja amesimama juu yake. Kila kengele ilipolia aliinamisha kichwa zaidi. Hakusoma sana Menza, lakini hilo alilielewa bila kufundishwa: kengele ikiwa nzima, yeye amekwisha.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi, na kesi nyepesi humfunga mtu upesi. Najmuddin, mwuza samaki wa barafu wa hapa Mji wa Kale, alikutwa amekufa ndani ya chumba hicho Ijumaa alasiri, mlango umekomewa kwa nje. Aliyeukomea ni Menza, wala hakukana. Kila Ijumaa, watu wakielekea kusali, kazi yake ilikuwa kuuzunguka ua na kutia komeo kila mlango. Alisema alibisha, hakuitikiwa, kwa kuwa feni za mle ndani zikinguruma hata ngoma huisikii. Akadhani bwana wake ameshatoka kwa mlango wa mbele. Akakomea, akaenda zake langoni. "Angekuwa ndani angebonyeza," alirudia siku zote, "na angebonyeza, Bi Hussaina angesikia." Bi Hussaina ni mke wa marehemu, na mchana ule wote alikuwa ofisini.

Ofisini hakukusikika kitu. Kompyuta, ambayo huandika kila kengele, haikuandika hata moja. Basi wakubwa wa Beverly wakajumlisha: hakubonyeza kwa sababu hakuweza, na hakuweza kwa sababu alipigwa akazirai kabla ya kufungiwa. Kichwani alikuwa na jeraha, la pigo au la kuanguka daktari hakuweza kusema. Simu yake ilikutwa ofisini, katika mfuko wa koti lake la kwendea msikitini. Na ni nani aliyegombana naye juma lilelile hadi akaambiwa atafute kazi kwingine? Menza. Kesho faili lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, shtaka ni mauaji, na Menza asingerudi kwake Majengo mpaka azeeke.

Kilichomzuia Beverly kutia sahihi ni kidole. Daktari wa mochari alikuwa ameandika, chini kabisa ya ripoti yake, kwamba ngozi ya kidole gumba cha kulia ilichubuka hata nyama ikaonekana.

"Aligonga mlango," mkubwa wake alisema.

Beverly alimwuliza ni mtu gani agongaye mlango kwa kidole gumba. Akajibiwa kwamba faili linatakiwa kesho.

"Mutunga," aliita sasa. "Yule Shoaib amefika?"

"Yuko ofisini, afande. Amekataa kukaa."

Shoaib alikuwa ndugu mdogo wa marehemu. Alikuwa na duka lake Bondeni la kutengeneza mizani na mashine za risiti, na kengele ile aliiunga kwa mikono yake. Nusu ya biashara sasa ilikuwa yake. Kwa hiyo Beverly alikuwa amemweka akilini tangu siku ya kwanza, na lau angepata sababu ya kumtoa Menza pinguni na kumtia huyu, asingesita.

"Nieleze kengele yako inavyosema na kompyuta," alimwambia. "Taratibu. Mimi mtu wa bara, mambo ya waya sikuzaliwa nayo."

Shoaib alivua kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, akaivaa tena. "Kile kisanduku cha chumba cha barafu ni cha zamani. Kinasema kwa kiwango cha RS-232. Ni kiwango kikongwe, lakini mizani karibu zote za mji huu bado zinasema hivyo. Herufi hazipiti kwa kundi. Zinapita moja moja ndani ya waya, kama watu wanaotoka kwa mlango mwembamba. Pande mbili zikishakubaliana mwendo, zinaelewana."

"Na kompyuta humjibu huyo aliyesema?"

"Hapana. Waya wa kusema niliunga. Wa kujibiwa sikuunga, sikuona kazi yake. Kisanduku kinasema tu, hakiulizi kama kimesikiwa."

"Kina kumbukumbu?"

"Hakina. Kinasema na kusahau. Anayeandika ni kompyuta."

"Basi mtu aliye ndani anabonyeza, naye hajui kama amesikika."

Shoaib alitazama dirishani. "Hajui," alisema.

Beverly aliufuata waya. Ulitoka ukutani, ukapita juu ya dirisha, ukashuka nyuma ya meza na kuishia kwenye kidude cha buluu kisichozidi kiberiti.

"Hiki?"

"Kigeuzi. Kompyuta za siku hizi hazina tena mdomo wa pini tisa, zina matundu ya USB tu. Hiki kinapokea ya zamani na kutoa ya kisasa."

Kompyuta ilikuwa na matundu matatu yamepangana ubavuni. Mawili yalikuwa meusi kwa ndani, na moja jekundu. Kigeuzi kilikuwa kimechomekwa katika jekundu.

"Kwa nini hili?"

"Lina nguvu kuliko wenzake. Linatoa umeme hata kompyuta ikilala. Nikawaambia wote wa nyumba hii: mahali pa kengele ni tundu jekundu."

"Na kigeuzi kikihamishiwa hili la kati?"

Shoaib alikigusa kigeuzi kwa ncha ya kidole. Alikuwa mtu wa majibu ya haraka, na Beverly aliona jibu hili limemkwama.

"Kompyuta hutoa namba yake kwa kila tundu," alisema hatimaye. "Kigeuzi kikiwa katika tundu jekundu ni namba tatu. Ukikichomeka penginepo, kompyuta inakiona kama mgeni, inakipa namba nyingine. Na programu niliiambia isikilize namba tatu."

"Sasa kengele ikilia kwenye hiyo namba nyingine?"

"Programu itaendelea kusikiliza namba tatu."

"Skrini itaandika nini?"

"Salama." Alivua kofia tena. "Kwa rangi ya kijani. Sikuifunza cha kusema namba tatu ikiwa tupu. Sikulifikiria hilo."

Koplo Mutunga, aliyekuwa akiandika karibu na mlango, aliinua uso. Beverly aliuangalia tena ule waya. Kwa majuma mawili watu walikuwa wamemwambia kengele nzima ni kengele nzima, na kumbe kengele nzima inaweza kunyamazishwa kwa kuchomoa na kuchomeka.

"Nani alijua jambo hili, Bwana Shoaib?"

"Mimi."

"Nani mwingine?"

"Hakuna." Alipolisema ndipo alipolisikia. "Inspekta, Ijumaa ile nilikuwa dukani mpaka wakati wa sala, kisha msikitini. Na nyumba hii sikuikanyaga juma zima. Waulize."

"Nimeshawauliza." Ndivyo ilivyokuwa. Watu wa msikiti mzima walimwona, na msaidizi wa duka na wateja wawili walimtaja bila kuombwa. Beverly akamwacha. "Kompyuta inakumbuka namba ilizowahi kutoa?"

Shoaib alikaa mbele ya skrini, akafungua ukurasa baada ya ukurasa, mpaka ikatokea orodha fupi ya vifaa. Namba tatu ilikuwa imekoza. Chini yake, kwa maandishi yaliyofifia, ilikuwepo namba tano.

"Kimewahi kuchomekwa tundu la kati," alisema kwa sauti ndogo. "Wallahi si mimi."

"Lini?"

"Hukumbuka mara ya kwanza na mara ya mwisho. Za katikati inazifuta." Aliweka kidole kwenye kioo. "Mara ya kwanza, hii hapa. Ijumaa. Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani."

"Na ya mwisho?"

Shoaib alisoma, akageuka kumtazama Mutunga. "Jumamosi. Siku moja baada ya ndugu yangu kufa."

Jumamosi hiyo ofisi ilikuwa mikononi mwa polisi. Beverly alimgeukia koplo wake polepole.

"Jumamosi uligusa waya huu?"

"Nilipiga picha kwanza, afande. Picha zipo, kidude kimo kwenye jekundu. Kisha nikachomoa zote nitie unga wa alama za vidole, nikarudisha."

"Ulirudisha tundu lipi?"

"La kati." Mutunga alifunga daftari lake. "Nikamtuma askari akabonyeze, haikulia. Nikaona nimekosea, nikahamishia jekundu, ikalia. Nikaandika kwamba inafanya kazi."

"Hukuandika kwamba ilikataa?"

"Afande, niliona ni kosa langu mimi, si la mashine."

Hakuwa mwongo Mutunga wala hakuwa mvivu. Alitaka kazi yake ionekane safi, akaufagia ukweli pamoja na takataka. Ijumaa ya msiba, kama ilikuwamo ndani ya mashine ile, ilikuwa imefutwa na Jumamosi ya polisi, na wakili yeyote mwenye akili angesimama mbele ya jaji na kusema tundu la kati ni la Koplo Mutunga. Beverly alitamani kumfokea. Akaona hata sauti ya kufokea hana.

Alichukua tochi badala yake, akakichomoa kigeuzi, akamulika matundu. Meusi yalikuwa na vumbi la kawaida. Jekundu lilikuwa na majivu laini pembeni, na juu ya bati lake utando wa mafuta ya hudhurungi, wenye kunata. Mezani, mbele ya tundu hilo, palikuwa na duara la rangi hiyohiyo, kubwa kama kitako cha kikombe cha kahawa. Aligusa kwa ncha ya kidole, akanusa. Miaka yake yote ya kupanda ngazi za nyumba za mtaa huu alikuwa ameivuta harufu ile bila kuitilia maanani.

"Udi," alisema. "Bwana Shoaib, kuna kitu gani cha Ijumaa, chenye moto, kinachotumia waya wa USB?"

Shoaib aliinuka kitini. "Sijui," alisema, kisha mara moja, "Mwache shemeji yangu, Inspekta. Yuko eda. Mwache."

Mjane wa eda haonani na wanaume wa nje. Ndiyo maana taarifa ya Hussaina iliandikwa na Mutunga akiwa amesimama ngazini, yeye akimjibu kutoka nyuma ya pazia: ndiyo, nilikuwa ofisini; hapana, sikusikia kengele. Maswali mawili, majibu mawili, sahihi. Hakuna aliyemwuliza alikuwa akifanya nini mle ofisini, kwa kuwa ni vigumu kulichimba pazia.

"Hodi," Beverly aliita juu ya ngazi, Mutunga akiwa nyuma yake.

"Karibu. Ndoo ndani wewe. Mwanamume na abaki papo."

Aliyeitikia ni Sugrabai, mama yake Najmuddin, mwanamke mkavu mwenye rida ya samawati iliyomfunika kutoka kichwani, na tasbihi mkononi. Mutunga alishuka mpaka ngazi za chini, ambako sauti haifiki, akakaa. Beverly alivua viatu, akaingia.

"Poleni tena, Mama."

"Tushapoa. Kaa kitako. Chai?"

"Ahsante, si leo." Alikaa. Chumba kilikuwa safi, na hewa yake ilikuwa tupu. "Nyumba nyingi za hapa ukiingia zinanukia. Hii yenu hapana."

"Nyumba ya eda hainukii, mwanangu. Mjane hatii manukato wala hafukizi mpaka siku zake ziishe."

"Na kabla ya msiba?"

"Kabla!" Bibi alisahau kidogo, akatabasamu. "Ijumaa nyumba hino ikinukia hata ndiani kwa wapitao. Hussaina akianza huku juu, kisha akishuka na chetezo chake cha udi…" Akakoma. Tasbihi nayo ikakoma.

"Akishuka ofisini," Beverly alimalizia. "Naomba nikione hicho chetezo."

"Hakipo. Nimekitoa sadaka, pamoja na nguo za marehemu."

Beverly aliangalia mlango wa chumba cha ndani, uliokuwa wazi nusu. Kwenye kabati lisilofungika vizuri zilining'inia kanzu za mwanamume, zimepigwa pasi, na chini yake viatu vyake.

"Nguo zingali hapa, Mama. Kilichoondoka ni chetezo peke yake. Ulikitoa lini?"

Sugrabai alianza tena kuhesabu tasbihi.

"Kabla hamjazika?"

"Kitu cha harufu hakikai nyumba ya eda," alisema bibi.

Pazia likasogea. Hussaina alitoka amevaa nyeupe tupu, uso umekonda, akakaa mkekani karibu na mavyaa yake. "Ma, si siri hiyo," alisema kwa upole. "Inspekta, ni chetezo kidogo cha umeme. Najmuddin alininunulia kabla ya Ramadhani, kwa sababu moshi wa mkaa ukimkohoza. Kina waya mfupi. Nachomeka kwenye kompyuta."

"Tundu lipi?"

"Jekundu. Yale mengine hakipati moto, udi unalala tu."

"Na waya wa kengele?"

"Nauhamishia tundu la pili. Nikishamaliza nauregesha mahali pake. Shoaib alituusia mahali pake ni pale, nami sijasahau hata mara moja." Alisema hivyo kwa fahari ndogo, kama mtu aliyetunza amana.

"Na Ijumaa ile?"

"Kama Ijumaa zote. Koti lake la msikitini lilikuwa kitini, nikalifukiza ili akija alivae liko tayari. Akachelewa. Nikajua ameghafilika, ameondoka bila koti." Alifikiri. "Watu walipokuwa wakirudi kutoka kusali nikachomoa chetezo, nikaregesha waya. Baadaye ndipo nilipomsikia Menza akilia uani."

Aliporudisha waya, kengele haikulia. Kwa hiyo Najmuddin alikuwa ameshaacha kubonyeza. Beverly alilijua hilo kabla mjane hajafunga mdomo, na alitamani lingemjia mtu mwingine.

"Bi Hussaina," alisema. "Waya ukiwa tundu la pili, kompyuta haisikii kengele."

"Lakini iliandika salama. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Nilikuwa naitazama."

"Najua. Ingeandika salama hata nyumba ikiungua."

Hussaina alimtazama mavyaa yake, akamtazama Beverly. Ilimchukua muda. Beverly alimwona akishuka ndani ya jambo lile hatua kwa hatua, na hakuwa na la kumshikia.

"Alibonyeza?" mjane aliuliza.

Mtu mwenye huruma angesema hatujui. Lakini chini uani alikuwapo mtu mwenye pingu. "Kidole gumba chake kilichubuka," Beverly alisema. "Hata nyama ikaonekana."

"Kwa kubonyeza?"

"Kwa kubonyeza."

Hussaina hakupiga ukelele. Alichukua mkono wake wa kulia akauweka ndani ya wa kushoto, akaufumbata, akawa anajikanda kidole gumba polepole, kana kwamba ni chake kinachouma. Beverly alimwonea huruma hata akashindwa kumtazama. Alitoa karatasi kwenye mkoba, akaandika maneno machache yaliyotosha, akaziweka karatasi na kalamu mkekani.

"Hakuna atakayekushtaki. Ni ajali, na nitaiandika hivyo. Lakini Menza anakwenda kushtakiwa kwa mauaji, na kompyuta haiwezi tena kumsaidia. Kilichobaki ni neno lako. Soma, kisha weka sahihi."

Hussaina alisoma. Akashika kalamu.

"Hussaina," alisema Sugrabai. "Weka chini."

"Ma, ni kweli."

"Weka chini." Bibi hakuinua sauti. "Siku ile hukufukiza. Ulikuwa na homa. Mimi nilikuwako."

"Mama," Beverly alisema, "Menza ana mke. Fadhiya anasimama nje ya kituo kila asubuhi na chakula."

"Namjua Fadhiya, asiyemjua nani? Nami nina mjukuu. Zoya yuko chuoni Nairobi, likizo yuaja. Nimwambieje? Kwamba babake alikuwa akiita na mamake amekaa mbele ya kengele akifukiza koti? Wewe waiwaza mahakama. Mahakama ina siku yake ikaisha. Mimi naiwaza nyumba. Mtoto huyu atamtazama mamake vipi kila siku ya Mungu?"

"Mwanao hakuuawa na Menza."

"Nalijua."

Alilisema waziwazi, bila haya na bila ukatili, na ndipo Beverly alipoelewa ni kwa nini chetezo kiliondoka kabla ya maiti kuzikwa. Bibi huyu alikuwa ameijua kesi nzima tangu siku ya kwanza, kwa pua na masikio yake, na alikuwa ameshaihukumu.

Hussaina aliiweka kalamu juu ya karatasi. "Siku ile sikufukiza," alisema, kwa sauti ya mtoto anayesomeshwa aya.

"Umeniambia sasa hivi kwamba ulifukiza."

"Amekwambia wewe peke yako," alisema Sugrabai. "Shahidi wako amekaa ngazini." Alinyoosha mkono, akazirudisha karatasi zile mkobani mwa Beverly mwenyewe, kwa adabu, kama mtu anayemfungia mgeni zawadi. "La kuvunda halina ubani, mwanangu. Wangu harudi. Nenda salama."

Beverly alivaa viatu. Mutunga aliinuka kumwuliza kwa macho, akamwona uso, akatangulia ofisini.

Ofisini, Shoaib alikuwa ameshaondoka. Beverly alikichukua kigeuzi mwenyewe, akakichomeka tundu la kati. Skrini ikakaa kijani: SALAMA.

"Nenda ukabonyeze," alimwambia Mutunga. "Bonyeza mpaka nikuite."

Alikaa kwenye kiti cha marehemu akaitazama skrini. Aliwaona watu wakipita nje ya dirisha na mikoba yao, akamsikia mwuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Kijani hakikubadilika. Alijaribu kungoja muda ambao marehemu huenda aliungoja, akashindwa, akasimama akamwita Mutunga.

Mutunga alirudi akipuliza kidole. "Imelia, afande?"

"Haikulia."

"Basi tumepata!" Uso wake ulimchanua, alikuwa na kosa la kulipia na aliona limelipika. "Tuwaonyeshe. Tumlete jaji hapa hapa."

"Tumwonyeshe nini? Kwamba waya unaweza kuhamishwa? Atakubali. Kisha atauliza nani aliyeuhamisha Ijumaa ile. Nani, Mutunga?"

Mutunga aliangalia dari, yaani sakafu ya nyumba ya juu. Kisha akaangalia mikono yake mwenyewe, na uchangamfu wote ukamwisha.

Beverly angeandika yote usiku huo, ukurasa kwa ukurasa: majivu, duara mezani, kanzu kabatini, na maneno ya mjane jinsi alivyoyasikia kwa masikio yake. Mkubwa wake angesoma mstari wa mwisho, ule usemao shahidi amekana, na faili lingekwenda kama lilivyo. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, na bado angeandika, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya kumfanyia yule mtu.

Alitoka uani. Kivuli kilikuwa kimemfikia Menza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa ameinua kichwa. Macho yake yalikuwa yaking'aa.

"Haikulia safari hino, afande," alisema. "Nimemwona koplo akiingia. Amekaa mle sana, nami nimetega sikio, na sikusikia kitu. Kumbe yaweza kubonyezwa na isilie. Si ndivyo?"

"Ndivyo, Menza."

"Nilijua mie. Nilijua Mungu hanitupi." Alicheka, akajifuta uso kwa bega kwa sababu ya pingu. "Basi nitumieni mtu Majengo, akamwambie Fadhiya kesho asisumbuke. Asilete chakula. Nitakula nyumbani."

Askari aliyemlinda alimtazama Beverly, akisubiri. Mutunga alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi na kidole chake mdomoni. Juu, dirisha la Sugrabai lilikuwa limefungwa.

"Mtie garini," Beverly alimwambia askari. Kisha akamgeukia Menza, ambaye bado alikuwa akitabasamu.

"Mwache Fadhiya alete," alisema.